Rejeta mpya halafu giaboksi inavuja: usikubali kushusha giaboksi kabla hujakagua mipira

Mkuu wa Makambako, umesema gari yako ni otomatiki, umebadilishiwa rejeta wiki iliyopita na sasa kila asubuhi unakuta mafuta mekundu chini, fundi anakwambia oili sili ya giaboksi (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) imekufa inabidi giaboksi ishushwe. Nakuomba sana usimruhusu bado. Hilo jambo limenikuta mimi hapa Mbeya na nilibaki kidogo tu niue giaboksi nzima.

Rejeta ya gari nyingi za otomatiki haipozi maji tu. Ndani ya tanki lake la chini (gari nyingine la pembeni) kuna kipoza mafuta, na kutoka kwenye giaboksi yanakuja mabomba mawili, moja la kupeleka mafuta ya moto, jingine la kuyarudisha. Mwisho wa hayo mabomba kuna vipande vya mpira na klipu. Ukitoa rejeta lazima uchomoe hiyo mipira, kwa hiyo kama gari ilikuwa haivuji kabla na imeanza baada ya rejeta, hapo ndipo pa kuanzia.

Yangu ni RAV4 ya 2002. Rejeta ilipasuka tanki la juu nikiwa Inyala, nikavutwa mpaka mjini, ikafungwa nyingine siku hiyohiyo. Siku ya tatu nikaenda Tukuyu, kurudi napanda kutoka Kiwira nikasikia injini inapiga kelele lakini gari haivuti, mshale wa RPM (mzunguko wa injini) unapanda, spidi iko palepale. Nikapaki pembeni, nikaivuta dipstiki (kijiti cha kupimia mafuta) ya giaboksi, ncha yake ina unyevu kidogo tu. Ilibidi nitume kijana wa bodaboda aniletee mafuta, nikamiminia kidogo kidogo kwenye tundu la dipstiki, ikameza kama lita moja na nusu ndo ikakaa sawa!!

Kesho yake fundi wa kwanza akasema sili, maana giaboksi kwa chini ilikuwa imelowa yote. Ila feni na upepo wa mwendo vinayapuliza mafuta kwenda nyuma, kwa hiyo panapolowa sana sio panapovuja. Tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa yenye unyevu. Mimi nilisubiri injini ipoe kabisa, nikaosha kote na dawa ya kusafishia breki, nikafuta, nikaweka boksi jeupe chini, nikawasha ikae sailensa (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta) dakika kumi hivi. Tone la kwanza lilitokea kwenye mdomo wa mpira palepale kwenye rejeta.

Nilipoutoa huo mpira nikaelewa. Ulikuwa mkavu mgumu, ukiukunja unaonyesha nyufa kwa ndani, na mdomo wake ulishapanuka ukabaki hivyohivyo kwa sababu ulikaa miaka kwenye rejeta ya zamani. Halafu kwenye kibomba cha rejeta kuna kale katuta kadogo, mpira unatakiwa ukapite na klipu ikae nyuma yake, kumbe yangu ilibanwa juu ya tuta lenyewe. Na baridi letu la mwezi wa sita na wa saba mpira mkavu unazidi kuwa mgumu, ndo maana asubuhi inadondosha zaidi.

Nenda dukani na kipande cha ule wa zamani, omba mpira wa mafuta ya giaboksi unaovumilia joto, usikubali wa maji wala wa wipa. Badilisha yote miwili na klipu zote nne. Klipu za bisibisi usizikaze kwa hasira zinakata mpira. Kama yako inafungwa kwa nati badala ya mpira, anza kuikaza kwa vidole mpaka ishike vizuri ndo uweke spana, ukiipindisha uzi unakufa na silikoni haitakuokoa.

Kingine ambacho mafundi wengi wanasahau, rejeta ya zamani iliondoka na mafuta ndani yake, kwa hiyo hata bila kuvuja ulishapungukiwa. Kupima: tembea mpaka giaboksi ipate moto, paki sehemu tambarare, injini inawaka, pitisha gia zote taratibu urudi P, kisha vuta dipstiki usome upande wa HOT (alama ya mafuta yakiwa ya moto). Aina ya mafuta ifuate iliyoandikwa kwenye dipstiki au kitabu cha gari, yangu ni T-IV, usichanganye tu kwa sababu yote ni mekundu.

Ila ukikuta mafuta yamegeuka rangi ya maziwa ya pinki, au kwenye maji ya rejeta kuna mafuta, zima na usiendeshe hata mita mia, hapo kipoza cha ndani kimetoboka na maji yanaingia kwenye giaboksi.

Weka boksi chini leo usiku utuambie tone linaangukia wapi, mbele usawa wa rejeta au katikati, na gari ni aina gani.