Maswali yenu: zile nyimbo za zamani za Ufaransa zinazoimbwa bila chombo

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi naimba tenori kwenye kwaya ya kanisa letu, sisi hatutumii chombo chochote, ni sauti tu. Juzi kijana wangu kanionyesha YouTube watu watatu wanaimba wimbo wa Guillaume de Machaut, Mfaransa wa miaka ya 1300 huko. Hamna kinanda wala gitaa. Mmoja ndo anaimba maneno, wawili wanavuta sauti bila neno hata moja. Nauona mtamu lakini una kitu kama haujatulia, sijui ni nini. Alafu kijana anasema huyo mtunzi alikuwa mtu wa kanisa ila wimbo ni wa mapenzi. Nieleweshe. (Mzee wa kwaya, Musoma)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sikio lako halijakudanganya, hicho unachosema hakijatulia ndo utamu wenyewe, na wewe uliyezoea kuimba bila chombo utanielewa haraka kuliko wengi. Nyie mnatumia solfa si ndio, basi chukua do na mi. Kwetu leo do na mi zikilia pamoja wimbo umefika, unaweza kuuishia hapo na kila mtu akaridhika. Kwa watu wa enzi za Machaut haikuwa hivo, kwao mahali pa kutua ni do na so na do ya juu, basi. Mi yao ilikaa juu kidogo kuliko mi ya kinanda, na juu zaidi kuliko ile mi laini ambayo kwaya isiyo na vyombo inajikuta inaiimba yenyewe, kwa hiyo ikitokea katikati ya wimbo ina ukali wa ndimu, haikai, inakusukuma uende mbele. Ndo unasikia sauti zinaachana, ya juu inapanda kidogo, ya chini inashuka, zinatua kwenye do na so tupu. Rudi usikilize mwisho wa ule wimbo, mi hamna.

Sasa hapa ndo swala la vyombo linapoingia. Miaka ya 1960 na 1970 vikundi vingi vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinapiga nyimbo hizi na vyombo kibao, mtu mmoja anaimba, wengine wako na filimbi, vinubi, zeze, mazumari na nini. Hoja yao haikuwa mbaya, vitabu vya wakati ule vilivyoandikwa kwa mkono mara nyingi vinaandika maneno chini ya sauti ya juu tu, zile za chini zina noti bila maneno, wakaona basi hizo ni za vyombo. Alafu akaja Mwingereza Christopher Page akaanza kuchimba maandishi ya wakati ule yenyewe, hadithi, mashairi, vitabu vya mafundisho, akakuta watu wanaimba pamoja kwa sauti tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha kikundi cha waimbaji kinaitwa Gothic Voices, na santuri yao ya nyimbo za Machaut ya mwaka 1983 ilibishaniwa kweli kweli, kuna wasomi waliouita ule mtindo uzushi. Ila ukiisikia unaelewa wanachotaka kusema. Sauti tatu za binadamu zinafanana rangi, na kwenye nyimbo hizi zinapishana palepale, ya chini inaweza kupanda juu ya mwenzie alafu ikashuka, kwa hiyo zikigusana vibaya kidogo unasikia mpaka mgongoni. Weka zumari moja na kinubi kimoja, sikio linazitenganisha, na ule msuguano umekwisha. Wale wawili wasio na maneno wanatafuta irabu moja wakae nayo, Gothic Voices walipenda ile u ya Kifaransa ya midomo iliyochongoka, haimezi maneno ya mwenzao.

Tuwe wa haki lakini. Machaut mwenyewe hakuwa mkali kiasi hicho. Kwenye Le Voir Dit, kitabu chake cha miaka ya 1360 cha barua na mashairi kati ya mshairi mzee na binti kijana, kuna barua inayomwambia binti kwamba baladi fulani, yaani wimbo wake mmoja wa mapenzi, inaweza kupigwa kwa ogani, kwa zumari za mfuko au vyombo vingine. Kwa hiyo mtu akija na chombo sio dhambi, mimi nasema tu sauti zinashinda.

Kuhusu kanisa, ni kweli, alikuwa kanoni, yaani mmoja wa makasisi wa baraza, wa kanisa kuu la Reims, lile walilokuwa wanatawaziwa wafalme wa Ufaransa, na kabla ya hapo alikuwa karani wa Yohana mfalme wa Bohemia (Ucheki ya leo), yule kipofu aliyekufa vitani Crécy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1346 (kipofu vitani, sijui nani alimruhusu). Alitunga misa pia, maarufu sana, ila nyimbo za mapenzi ni nyingi zaidi. Alifariki 1377.

SWALI: Mimi nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi mpaka chuo, lakini hizi nyimbo sishiki kitu. Kweli hiki ni Kifaransa ama wanatudanganya? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Hawakudanganyi ndugu yangu, inategemea umesikia upi. Za Machaut ni Kifaransa ila cha zamani, na waimbaji makini wanatamka herufi nyingi ambazo wewe ulifundishwa kuzimeza, mfalme wanamwita kitu kama rwe. Ukisoma maandishi wakati unasikiliza, utashangaa unavyoelewa, kichwa kama "Douce dame jolie" hakihitaji mkalimani. Ila kama umesikia nyimbo za matrubaduri, wale washairi waimbaji wa kusini mwa Ufaransa wa miaka ya 1100 na 1200, hicho ni Kioksitani, lugha nyingine kabisa. Wao waliacha mashairi karibu 2,500 na yenye melodi ni kama sehemu moja ya kumi tu. Mtafute Bernart de Ventadorn, ule wa ndege anayepiga mabawa kwa furaha kwenye mwanga wa jua mpaka anajisahau anaanguka, na mwimbaji anamwonea wivu ndege. Wimbo mzima ni sauti moja, na mimi huo ukiwekewa ngoma nauzima.

SWALI: Salaam aleikum. Kwani hao wanawake walikuwa wakiimbiwa tu, wao hawaimbi? Na mtu aanze na wimbo gani? (Dada wa Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Waliimba na walitunga, hasa huko kusini, ila bahati mbaya melodi iliyobaki ni moja tu, "A chantar m'er" ya malkia wetu Comtessa de Dia (namwita malkia mimi, yeye alikuwa kontesa). Anasema hapendi kuyaimba anayoyaimba, alafu anamchambua mpenzi aliyemtosa licha ya uzuri wake, akili yake na ukoo wake, beti tano hizo, hajapoa. Kitabu kimeandika melodi bila mapigo, kwa hiyo mwimbaji akiwa peke yake anavuta neno anapotaka na kukata anapotaka, akiwekewa ngoma lazima afuate ngoma, hasira inapungua. Anza na huo. Alafu "Douce dame jolie" ya Machaut, nayo sauti moja, inachezeka, kiitikio kinatangulia na kinarudi mpaka unakishika. Ukishazoea nenda "Puis qu'en oubli", sauti tatu za chini kabisa, fupi, nzito. "Ma fin est mon commencement" iache kwanza hata kama kila mtu anaisifia, humo sauti moja inaimba noti za mwenzie kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ni fumbo la wanaojua kusoma noti, kwa sikio peke yake utachoka bure.