Vijiwe vya kijani kwenye meno ya Wamaya

SWALI: Mhariri habari, niliona picha ya fuvu la Mmaya wa kale (wale wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati), meno ya mbele yana vijiwe vya kijani. Ilikuwa urembo tu ama kuna kitu nyuma yake?

JIBU: Asante sana msomaji wetu, urembo ulikuwepo ila haukuwa peke yake. Kile kijiwe ni jade, jiwe gumu la kijani, na kwa Wamaya jade ilikuwa na thamani kubwa kuliko dhahabu, rangi yake ni ya mahindi machanga na maji, tena waliihusisha na pumzi ya mtu, sasa ukiiweka mdomoni pale pumzi na maneno yanapotokea we fikiria mwenyewe uzito wake. Mungu wao wa jua pia walimchora ana meno ya mbele yaliyochongwa umbo la T, na alama hiyo kwenye maandishi yao ni upepo, pumzi, uhai.

Kazi yenyewe ilitaka mkono mtulivu kwelikweli. Fundi anazungusha kijibomba kigumu juu ya jino na unga wa mchanga mkali na maji, taratibu, mpaka kitobo cha duara kitokee, halafu anakigandisha kijiwe kwa utomvu wa mimea, na vingine mpaka leo havijang'oka! Akizidisha kina akagusa kiini, ile nyama laini ndani ya jino, jipu linaota, na mafuvu mengine yanaonyesha hivyo.

Kuchonga kwa tupa ya jiwe ndo kulianza zamani zaidi, na hata watu wa kawaida walichonga. Padri Mhispania Diego de Landa, karne ya 16 huko Yucatán, Mexico ya leo, aliandika kuwa wanawake walichongwa meno kama msumeno, na mafundi walikuwa bibi vizee.