Maswali ya Wasomaji: Kompyuta 38 na Masasisho Yaliyozimwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni afisa Tehama, na niko peke yangu, katika chama cha akiba na mikopo. Tuna kompyuta 38 makao makuu na katika matawi mawili, na 11 kati yake bado zinatumia Windows 10. Mwaka jana, siku ya kutoa mikopo, kompyuta ya mhasibu ilijizima saa nne asubuhi ikaanza kujisasisha, kisha ikakwama kwenye asilimia 35 huku wanachama wamejaa kwenye mabenchi. Meneja aliniagiza nizime masasisho yote, nami nikayazima. Sasa mkaguzi wa nje ametuandikia hoja kwamba mashine zetu hazina viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba mianya ya programu. Nikiyafungulia, naogopa aibu ile itarudi. Nikiyaacha, hoja inabaki. Nifanyeje?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ndugu msomaji, hoja ya mkaguzi ni ya haki, na hasira ya meneja wako nayo ilikuwa na sababu. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chunguza jambo moja: jioni ofisi inapofungwa, ni nani anayezima swichi kuu? Katika ofisi nyingi mlinzi au mhudumu hukata umeme wa vyumba vyote saa kumi na mbili ili kupunguza gharama na kuepusha moto, na kompyuta haziwashwi tena hadi asubuhi. Kompyuta inayoishi hivyo haina wakati mwingine wa kujisasisha isipokuwa saa za kazi. Mtumiaji naye, kila anapoulizwa, huahirisha, mpaka muda unapokwisha na mashine kujiwasha upya bila kumngoja. Kwa maelezo yako, nadhani ndivyo ilivyomkuta mhasibu.

Kuyazima kabisa hakukuondoa hatari, kulibadilisha tu mahali inapotokea. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu uliotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017, na shambulio lenyewe likaanza tarehe 12 Mei, yaani siku 59 baadaye. Huko Uingereza, angalau mashirika 81 kati ya 236 ya huduma ya afya ya umma yalivurugika, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani, ilhali dawa ilikuwa tayari kwa karibu miezi miwili. Chama chenye akiba za watu hakina udhuru wa kukaa mwaka mzima bila kiraka hata kimoja.

Sasa tuje kwenye ratiba. Viraka vya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki huanza kupatikana saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea msimu wa huko Marekani. Jumanne hiyo haiwezi kuangukia nje ya tarehe 8 hadi 14, na hilo linakufaa sana. Chagua kompyuta nne za majaribio zipokee viraka Jumatano yake. Usichague nne zilizokaa bure. Chagua iliyounganishwa na prinita ya risiti, moja ya msaidizi wa mhasibu, moja ya tawini, na yako mwenyewe. Siku ya pili keti kwenye kila moja: fungua mfumo wa mikopo, chapisha risiti, fungua faili lililoko kwenye seva. Pakiwa na kasoro utaiona kwenye mashine nne, si kwenye 38. Zilizobaki za makao makuu ziwekee ucheleweshaji wa siku tano, na za matawini na za watunza fedha siku saba, halafu muda wa mwisho wa siku mbili, ambao ukiisha mashine hujisasisha kwa lazima. Ukihesabu utaona kwamba kazi yote inamalizika ifikapo tarehe 23, kabla ya pilikapilika za mwisho wa mwezi.

Meneja akikuuliza kwa nini mnasubiri wiki nzima, mweleze yaliyotokea tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha takriban kompyuta milioni 8.5 duniani. Lile halikuwa sasisho la Windows, lakini lilienda kwa wateja wengi kwa mpigo mmoja, na ndiyo sababu nasisitiza kundi la majaribio hata kwa ofisi ndogo.

Mwombe meneja atoe waraka mfupi: kila mwezi, jioni mbili zilizotajwa kwa tarehe, kompyuta zisizimwe, na mlinzi apewe nakala. Waraka huo una nguvu kuliko mpangilio wowote utakaouweka wewe, kwa sababu mlinzi anamsikiliza meneja. Kompyuta za mezani ziwe kwenye betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kusasisha, mashine inaweza kukataa kuwaka asubuhi.

Vipindi hivi vya ucheleweshaji huwekwa kwa amri ya gpedit.msc, inayofungua kihariri cha sera za Windows, au kwenye seva kama mnayo ya Windows inayosimamia akaunti zote. Angalia kwanza toleo, kwa kuwa kompyuta nyingi za dukani huja na Windows Home, ambayo haina sehemu hiyo; ofisi inahitaji Pro. Kuhusu bando, kiraka cha mwezi mmoja kinaweza kuzidi gigabaiti moja, na mara 38 mtalia. Ruhusu kompyuta za mtandao mmoja wa ndani zigawiane walichopakua, ili moja ichote intaneti na wenzake wachote kwake. WSUS, huduma ya Microsoft ya kugawa masasisho, pia hufanya kazi hiyo kutoka kwenye seva yenu, ingawa Microsoft ilitangaza Septemba 2024 kwamba haitaiongezea vipengele vipya, kwa hiyo kama hamnayo sikushauri uanze nayo leo.

Usiogope mrundikano wa mwaka mzima: kiraka cha mwezi huu hubeba na vya miezi iliyotangulia. Ila andika amri ya winver kwenye kila mashine na urekodi katika jedwali namba ya toleo unayoiona, pamoja na jina la mtumiaji na tarehe. Kila toleo la mwaka la Windows 11 Pro huhudumiwa kwa miezi 24 tu, na likipitwa halipokei viraka hata ukiyafungulia. Jedwali hilo, likijazwa kila mwezi, ndilo la kumpelekea mkaguzi, kwa sababu hoja haifungwi kwa maneno.

Zile 11 za Windows 10 ni habari nyingine. Huduma yake ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fungua tpm.msc kwenye kila moja uone kama ina TPM 2.0, kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Mara nyingine kipo lakini kimezimwa kwenye mipangilio ya awali ya mashine. Kwa zisizoweza kupanda hadi Windows 11, taasisi hulipia viraka vya nyongeza dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi wa tatu. Anayejiunga mwaka wa pili hulipa na wa kwanza. Kwa kompyuta 11 hizo ni dola 671 za mwaka mmoja tu. Mimi fedha hiyo ningeianzishia fungu la kununulia mashine mpya, na zile zinazongoja zamu yake ningeziondoa kwenye intaneti.

SWALI: Baada ya kusasisha, kompyuta moja ya ofisi inadai ufunguo wenye tarakimu 48. Hakuna anayeujua. Je, tufute kila kitu?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Msifute. Huo ni ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha kompyuta hiyo mara ya kwanza, hata kama ameshaacha kazi. Mpigieni simu kwa heshima, mkimsomea herufi na tarakimu za utambulisho zinazoonekana kwenye skrini, ili awasomee ufunguo unaolingana nazo. Ikishafunguka, chukueni funguo za kompyuta zote na kuzihifadhi pamoja mahali panapofungwa kabla ya Jumanne ya pili ya mwezi ujao.