Maswali ya Wasomaji: Ni Mimi au ni Shati?

Barua tulizopokea safari hii kuhusu mavazi ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tatu.

SWALI: Mimi ni fundi wa magari. Mwezi uliopita nilitoka gereji nikiwa na ovaroli yangu yenye madoa ya grisi, nikapitia ofisi moja kufuatilia hati niliyokuwa nimeiomba. Karani hakuinua hata macho. Alisema faili halionekani, nirudi siku nyingine. Siku mbili baadaye nilirudi nikitokea kwenye shughuli ya kifamilia, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa na viatu vyeusi. Karani alikuwa yuleyule na dirisha lilelile, ila sasa niliitwa “mzee”, nikapewa kiti, na faili likaonekana kabla sijamaliza kueleza shida yangu. Nilipaswa kufurahi, lakini niliondoka na hasira. Je, ni kweli nguo ndiyo iliyonisaidia? Na je, nibadilishe mavazi kila ninapotoka?

JIBU: Ndugu fundi, kwa sehemu kubwa ni nguo iliyokusaidia, ingawa ningependa kujua siku ya kwanza ulifika pale saa ngapi, maana karani aliyebakiza dakika kumi afunge dirisha huwa haoni faili la mtu yeyote, awe na tai au ovaroli.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Leonard Bickman, alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika New York, ambamo sarafu iliachwa kwa makusudi ndani ya kibanda cha simu, na kila aliyeingia kupiga simu akafuatwa na mtu aliyemuuliza kwa adabu kama ameiona. Muulizaji aliyevaa nadhifu alirudishiwa sarafu na watu 77 katika kila 100. Aliyevaa kama mtu wa hali ya chini alirudishiwa na 38 tu. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wa wale walioinyima nguo duni sarafu yake pengine wangeitoa bila kusita kwa mwenye tai, na jioni wangelala wakijiona waaminifu.

Karani wako naye huenda hakukaa akapanga kukudharau. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha uchunguzi ambamo nyuso zilezile zilionyeshwa mara zikiwa na mavazi yanayoonekana ya mwenye nacho, mara ya asiye nacho. Watazamaji waliwaona wa kundi la kwanza kuwa wenye uwezo zaidi, hata picha ilipoonyeshwa kwa muda usiofika sehemu moja ya saba ya sekunde, na hata walipoambiwa waziwazi wasizijali nguo. Ikiwa aliyeonywa ameshindwa, sembuse karani aliyechoka ambaye hajaonywa na yeyote, na ambaye akiamua kulitafuta faili atainuka, na akiamua halionekani hakuna wa kumuuliza? Nguo hufanya kazi hasa pale penye hiari ya namna hiyo. Mashine ya kutolea fedha haijali umevaa nini. Tena shati lililonyooka humnong'oneza karani kwamba huyu huenda anaujua mlango wa mkubwa wake.

Upande wa pili ni wewe mwenyewe. Mwenye ovaroli yenye grisi husimama mbali kidogo na kaunta asije akaichafua, huficha mikono, na huongea haraka kana kwamba anaomba radhi kwa kuwapo. Aliyevaa akajiamini hutaja hati anayoitaka na tarehe aliyoiomba, kisha hunyamaza akingoja. Sina shaka kwamba siku ya pili ulisimama tofauti.

Kubadilisha nguo kila utokapo si lazima. Tundika gereji shati moja safi na suruali moja ndani ya mfuko usioingiza vumbi, na karibu yake uweke brashi ya kucha na kitambaa cha kufutia viatu. Kwa jinsi nilivyoona, macho ya watu hutua kwenye kola, kucha na viatu kabla hayajafika kwenye ubora wa kitambaa, kiasi kwamba shati la kawaida lenye kola iliyokaa hulishinda la gharama lililokunjamana. Nyaraka nazo zibebe ndani ya jalada badala ya kuzikunja mfukoni, kwani karatasi iliyokunjwa mara nne ni sawa na shati lisilopigwa pasi.

Hasira yako ibaki, lakini ielekee ofisini na si kwenye ovaroli. Ukiambiwa tena urudi siku nyingine, uliza ni siku gani hasa na utamkuta nani, uandike majibu mbele ya anayekujibu. Hilo hufanya kazi hata ukiwa na grisi hadi viwikoni. Na ovaroli yenyewe usiionee haya. Mteja anayekuletea gari ndiyo anayoitafuta kwa macho, na siku utakapoifungua boneti yake ukiwa na tai, ni yeye atakayeingiwa na wasiwasi.

SWALI: Mimi ni dada ninayependa kuvaa vizuri hata nikienda kununua nyuzi. Nimegundua kwamba nikipendeza, wauzaji hunitajia bei ya juu kuliko wanayomtajia mdogo wangu aliyevaa kanga na kandambili. Je, kupendeza ni hasara?

JIBU: Penye mapatano ya bei, ndiyo, mara nyingine ni hasara, kwa sababu muuzaji husoma mkoba wako kabla hajasikia sauti yako. Hata hivyo usomaji huo haufuati kanuni moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wauzaji wa maduka ya kifahari mjini Milan walielekea kuamini kwamba mteja aliyeingia na nguo za mazoezi ana uwezo mkubwa wa kununua kuliko aliyejipamba, huku wapita njia wa mji uleule wakiamini kinyume chake. Wauzaji wale walikwisha kuzoea matajiri wasiohitaji kumthibitishia mtu chochote. Kwa hiyo, dada, penye bei iliyobandikwa vaa upendavyo; penye kupatana, acha saa na vito nyumbani, au mtume mdogo wako. Mimi ningemtuma.

SWALI: Nimeitwa kwenye usaili wa kazi na sina suti. Rafiki yangu yuko tayari kuniazima yake. Nikubali?

JIBU: Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nao walikuwa na sababu, lakini hawakuitwa kwenye usaili. Kubali, kwa sharti kwamba mshono wa bega la koti unaishia pale bega lako linapoishia. Suruali ndefu hupindwa na kiuno hubanwa kwa mkanda, lakini bega lisilo lako halina dawa, na likikuzidi ni heri shati safi peke yake. Ivae suti nzima nyumbani kwa saa moja, ukae, uinuke, unyooshe mkono kama anayesalimia, ujue mapema ni wapi panabana. Viatu usiazime, kwa kuwa maumivu ya vidole huonekana usoni. Na kabla hujatoka kagua mifuko yote, usije ukatoa kalamu mbele ya wasaili ikatoka pamoja na risiti yenye jina la mwenye koti.