Aliyefunga trai ya ushindi Paris 2024

Wengi wanadai Ilona Maher ndiye aliyewapa Marekani dhahabu kwa trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kwenye raga ya wanawake ya wachezaji saba, Olimpiki ya Paris. Siyo yeye, ni mwenzake Alex Sedrick. Marekani walikuwa nyuma 12-7 dhidi ya Australia, muda umeyoyoma, Sedrick akachomoka na mpira karibu urefu wa uwanja mzima, akafunga, kisha akapiga teke la nyongeza yeye mwenyewe: 14-12. Na ilikuwa shaba jamani, si dhahabu! Dhahabu walibeba New Zealand. Mechi niliiangalia mubashara, nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Watu wanachanganya kwa sababu Maher ndiye sura ya timu ile. Video zake fupi za kijiji cha wanamichezo zilianza kusambaa tangu Tokyo, na baada ya Paris akashika nafasi ya pili kwenye shindano la dansi la televisheni huko kwao. Alipohamia klabu ya Bristol Bears ya Uingereza mwanzoni mwa 2025, mechi yake ya kwanza ilibidi ipelekwe uwanja mkubwa wa Ashton Gate kwa wingi wa waliotaka tiketi. Ila hiyo ni raga ya wachezaji 15, si ya saba.