Maswali na majibu: Kuunganisha hifadhi za nchi nzima

Tangu niguse habari ya shoroba za wanyamapori, yaani njia za kupitia wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine, maswali hayajakatika. Nimeyachuja yakabaki matano. Yaliyosalia yalikuwa yakizunguka haya haya.

Swali: Hifadhi tunazo tayari. Huo mtandao wa ikolojia, yaani hifadhi zilizounganishwa kwa shoroba, unatuongezea nini?

Jibu: Njia. Mwaka 1967 wanasayansi Robert MacArthur na Edward O. Wilson walieleza kwamba kisiwa kikiwa kidogo na kikiwa mbali na bara, spishi zake huwa chache. Haikuchukua muda wanaikolojia wakatambua kwamba hata msitu uliozingirwa na mashamba ni kisiwa. Ubaya wake hauonekani upesi: wanyama wapo, miti ipo, kumbe wanazaana ndugu kwa ndugu. Puma, paka wakubwa wa mwituni, wa Florida nchini Marekani walifikia hapo. Walikuwa wamebaki kati ya 20 na 30, wengine wakizaliwa na mikia iliyopinda na kasoro za moyo, hadi mwaka 1995 walipoletewa majike 8 kutoka Texas. Idadi ikapanda. Ila nchi itakayozoea kuwasafirishia wanyama wachumba itakuwa na kazi isiyokwisha.

Swali: Kuanza, tunachora ramani au tunatafuta ardhi?

Jibu: Ramani kwanza, lakini si ile ya mistari ya kijani inayopamba ukuta wa ofisi. Uliza nani atapita. Tembo na chura hawana njia moja. Ndege ataruka kutoka kichaka hadi kichaka. Mende asiye na mabawa atakwama kwenye lami. Basi chagua spishi chache zenye mahitaji tofauti, tafuta zinakotoka na zinakokwenda, kisha utie alama kila mahali safari inapokatika: barabara, uzio, bwawa, shamba kubwa lisilo na mti hata mmoja. Hizo alama ndizo mpango wenyewe. Ushoroba wa kilomita 40 uliokatwa na uzio mmoja haujapungua kidogo. Kwa mnyama wa miguu umekwisha. Kingo za mito zitazameni mapema, maana mara nyingi ndiyo mabaki pekee ya uoto wa asili yanayounganisha sehemu mbili.

Baada ya hapo ndipo mnapanga maeneo kiini, yaani hifadhi zenyewe, shoroba za kuyaunganisha, na kanda za kinga pembeni yake za kupunguza usumbufu wa nje. Na waiteni wahandisi wa barabara siku ya kwanza. Kivuko kilichomo kwenye michoro ya barabara mpya ni nafuu kuliko kuja kuibomoa barabara baadaye.

Swali: Wanyama kweli hupita kwenye madaraja wanayojengewa, au ni picha za matangazo tu?

Jibu: Hupita. Katika hifadhi ya Banff, Kanada, barabara kuu ilijengewa vivuko vya juu na vya chini, pamoja na uzio wa kuwaelekeza wanyama huko. Ajali za magari na wanyama zikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Uzio usisahauliwe, bila huo mnyama huvuka popote apendapo. Kulungu walizoea mapema, lakini dubu aina ya grizzly walichukua miaka kadhaa kuviamini vivuko hivyo. Mkaguzi akija mwaka wa kwanza na kuandika kwamba fedha zimepotea, amewahi mno.

Swali: Njia hizo hazitaeneza magonjwa na mimea vamizi?

Jibu: Zinaweza, na moto pia. Njia haichagui mpitaji. Kuna mito ambako wataalamu huacha kizuizi makusudi ili samaki wageni wasipande kuwamaliza wenyeji. Kwa hiyo si kila kilichotengana kiunganishwe.

Swali: Kwa nini mipango hii huishia kwenye makabrasha?

Jibu: Kwa sababu asilimia ni rahisi kuhesabu, muunganiko si rahisi. Makubaliano ya Kunming na Montreal ya Desemba 2022, ya kimataifa kuhusu kulinda viumbe hai, yanataka asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ihifadhiwe ifikapo 2030, na yanataka maeneo hayo yawe yameunganishwa vizuri. Sehemu ya kwanza hutangazwa majukwaani. Ya pili hugusa shamba la mtu na bajeti ya wizara nyingine.

Hata walio mbele hukwama. Uholanzi iliutangaza mtandao wake mwaka 1990. Kipande kimoja kilikuwa ushoroba wa kuwatoa ng'ombe, farasi na kulungu wa Oostvaardersplassen, eneo lenye uzio, kuelekea misitu ya mashariki. Mwaka 2010 serikali kuu ilijitoa, wakati mkoa ulikuwa umeshaanza kununua ardhi, na mpango ukafa. Sitasema ushoroba ungemaliza kila tatizo la mahali pale. Wanyama walikuwa wengi kupita malisho. Lakini majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018 walikufa zaidi ya 3,000, wengi wakipigwa risasi na askari wa hifadhi kwa kuwa njaa ilikuwa imeshawamaliza, huku wananchi wenye hasira wakiwarushia nyasi kavu juu ya uzio.