Barua kwa mwanangu: Mji wa Athena na wanawake wake

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako niliupata, nikaona swali lako halifai kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Umeuliza: iweje Athens, mji wa Ugiriki ya kale uliowapa wanaume wake kura na haki ya kusema mkutanoni, ukaitwa kwa jina la mungu wa kike na kumjengea hekalu tukufu juu ya mwamba, huku mabinti na wake wa mji huo hawana kura? Tena ukasema mwenzako kazini anashikilia kwamba wanawake wale walifungiwa ndani maisha yao yote. Nimefundisha historia miaka mingi na jambo hili naliona zito, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Nianze na Athena mwenyewe. Katika masimulizi ya Wagiriki, yeye hakuzaliwa na mama. Alitoka kichwani mwa Zeus, mfalme wa miungu, akiwa na silaha zake tayari. Hakuolewa, hakuzaa. Mwaka 458 KK mtunzi Aeschylus aliwaonyesha Waathene mchezo wa kuigiza ambamo Orestes anashtakiwa kwa kumuua mama yake mzazi. Kura za majaji zinatoka sawa kwa sawa, na kura ya Athena ndiyo inayomwokoa mshtakiwa. Sababu anaitoa yeye mwenyewe: hakuna mama aliyemzaa, na katika kila jambo isipokuwa ndoa yeye yuko upande wa wanaume. Mtu angeweza kumwabudu mungu wa namna hiyo kwa moyo wake wote, akarudi nyumbani, asimwone mkewe kwa jicho jingine.

Sasa sheria. Mwanamke wa Athens alikuwa na walii tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: kwanza baba, kisha mume, na akifiwa na mume, mtoto wake wa kiume au ndugu wa kiume. Sisi walii tunamjua siku ya kufungisha ndoa. Wao walimpa madaraka juu ya kila jambo lenye uzito. Mwanamke hakusimama mwenyewe mahakamani, na sheria ilimzuia kufanya mapatano ya mali inayozidi kipimo kimoja cha shayiri, yaani kama lita 52. Aliolewa akiwa na miaka 14 hivi, na mume kwa kawaida alikuwa anakaribia 30. Posa ilikuwa mapatano ya wanaume wawili. Ridhaa ya binti haikuwa sharti. Mwandishi Xenophon, wa Athens pia, anamleta mume mmoja, Ischomachus, akieleza kwamba mkewe aliingia nyumbani hajafika miaka 15, na kwamba mpaka siku hiyo alikuwa amelelewa kwa uangalizi mkali ili aone machache, asikie machache na aulize machache. Sentensi hiyo huniuma kila ninapoisoma, kwa sababu mume yule anaisema bila mshangao wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mali ya ndoa ilitoka upande wa mke, kinyume cha mahari yetu. Mume aliitumia, lakini wakiachana alilazimika kuirudisha yote kwa walii wa mke, na akichelewesha alidaiwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Hapo mke alikuwa na kinga kidogo. Mume aliyetaka kumfukuza alipiga hesabu kwanza.

Lililo gumu zaidi kwangu ni habari ya binti aliyefiwa na baba asiyeacha mtoto wa kiume. Hakuurithi urithi ule uwe wake. Ulipita kwake tu kwenda kwa watoto wa kiume atakaowazaa. Kwa hiyo ndugu wa karibu wa baba, mara nyingi ami yake, alikuwa na haki ya kwenda kumdai mahakamani amwoe. Hata binti aliyekwisha kuolewa hakuwa salama. Isaeus, aliyekuwa akiwaandikia watu hotuba za kesi, anasema waume wengi walinyang'anywa wake zao kwa njia hiyo. Fikiria, mwanangu: siku ya msiba wa baba yako ndiyo siku ndoa yako inapotiliwa shaka.

Kwa nini kubanwa kote huko? Jibu langu linaanzia mwaka 451 KK, Perikles, kiongozi wa mji, alipopitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni wenyeji wa Athens. Kabla ya hapo baba alitosha. Tangu hapo mama akawa mlango wa uraia, na mlango ukawekewa walinzi. Demokrasia ilipogawa kura, posho za majaji na haki ya kumiliki ardhi kwa raia peke yao, ilibidi kila raia awe na uhakika nani amezaa na nani. Ndiyo maana mimi sikubali maelezo kwamba Waathene waliwabana wanawake kwa sababu hawakuwa na maana kwao. Waliwabana kwa sababu mji mzima ulisimama juu ya uzazi wao. Wanaume walilijua hilo, wakaigeuza hoja hiyo kuwa kufuli.

Perikles huyo huyo, kwa mujibu wa mwanahistoria Thucydides, aliwaambia wajane wa vita katika hotuba ya mazishi kwamba sifa kubwa ya mwanamke ni kutotajwa kabisa midomoni mwa wanaume, kwa wema au kwa ubaya. Lakini nyumbani kwake aliishi na Aspasia, mwanamke aliyetoka Mileto, mji mwingine wa Wagiriki, aliyetajwa kuliko wanawake wote wa zama zake, msemaji hodari ambaye mwanafalsafa Socrates na wenzake walikwenda kumsikiliza. Kwa sheria ya Perikles mwenyewe, mtoto wao hakuwa raia. Tauni ilipoingia Athens na kuwaua wanawe wawili wa ndoa, aliusihi mkutano umpokee mtoto wa Aspasia. Wakamkubalia. Mwaka 429 KK naye akafa.

Nije kwa mwenzako na habari ya kufungiwa ndani. Kukaa ndani ilikuwa heshima, na heshima hiyo iligharimu fedha. Ilihitaji watumwa wa kwenda kisimani na sokoni. Mwanafalsafa Aristotle mwenyewe anauliza: utawazuiaje wake za maskini wasitoke nje? Kuna kesi ambayo ningependa uisome yote. Mwaka 345 KK hivi, mtu aitwaye Euxitheus alifutwa katika daftari la raia, na moja ya hoja dhidi yake ilikuwa kwamba mama yake anauza tepe sokoni na zamani alinyonyesha mtoto wa watu kwa ujira. Mwanamke wa hali hiyo, walidai, hawezi kuwa raia. Mwana akasimama kumtetea. Alieleza kwamba mume wa mama yule alikuwa vitani, naye akiwa peke yake na watoto akafanya kazi aliyoipata. Akasema wanawake wengi wa kiraia walikuwa wanyonyeshaji, wasokota sufu na wachumaji wa zabibu kwa sababu ya misiba iliyoupata mji. Akawakumbusha majaji kwamba sheria inakataza kumsimanga raia, mwanamume au mwanamke, kwa kufanya biashara sokoni. Sheria haikatazi jambo ambalo watu hawalifanyi, kwa hiyo hapo tunajua masimango yalikuwepo na wauzaji wanawake walikuwepo.

Na hao watumwa wanawake waliobeba maji, waliosaga nafaka, waliolea watoto wa wengine? Tunaposema "wanawake wa Athens" mara nyingi tunawaacha nje, kama walivyoachwa wakati ule. Kwao hapakuwa na ndoa inayotambuliwa na sheria, wala walii, wala mali ya kurudishiwa. Naomba usiwasahau unapobishana na mwenzako.

Mahali pekee ambapo mwanamke wa Athens alikuwa na cheo cha mji ni katika ibada. Kuhani mkuu wa Athena pale Akropolisi, mwamba ule wa hekalu, alikuwa mwanamke, na cheo chake kilikuwa cha maisha. Mmoja, Lysimache, alikitumikia miaka 64. Hawakuwa pambo tu. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba mfalme Kleomenes wa Sparta, mji mwingine wa Wagiriki, alipopanda mwambani na kutaka kuingia patakatifu, kuhani aliinuka kwenye kiti chake kabla mfalme hajavuka mlango, akamwamuru arudi alikotoka. Na mwaka 480 KK, Waajemi walipokaribia, ni kuhani aliyewatangazia watu kwamba nyoka mtakatifu ameacha kula keki yake ya asali, yaani mungu ameondoka. Watu wakawa wepesi zaidi kuuhama mji. Wasichana na wanawake ndio waliolifuma vazi la Athena kwa sikukuu yake. Kila vuli wake za raia waliziacha nyumba zao siku tatu kwa ajili ya Demeter, mungu wa kike wa mazao, wakapiga kambi wao kwa wao, wakachagua viongozi wao, wakafunga siku ya pili wakiwa wameketi chini, na mwanamume hakuruhusiwa kukanyaga. Ibada ile ilishikamana na mbegu za mji, na mji haukuthubutu kuiacha.

Usidhani pia kwamba Athens ndiyo Ugiriki yote. Kule Gortyn, kisiwani Krete, sheria ilichongwa ukutani katikati ya karne ya 5 KK na bado inasomeka: binti anarithi nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na akiachwa anaondoka na mali yake pamoja na nusu ya alichokifuma. Sparta wasichana walikimbia na kurusha mkuki, wakachelewa kuolewa, na Aristotle analalamika kwamba karibu mafungu mawili kati ya matano ya ardhi yalikuwa mikononi mwa wanawake. Kyniska, binti wa mfalme wa huko, alishinda mashindano ya Olympia kwa magari ya farasi mwaka 396 na tena 392 KK kwa kuwa farasi walikuwa wake, ingawa hakuwaendesha yeye. Lakini mimi siisifu Sparta. Nafasi ile ilinunuliwa kwa jasho la maheloti, yaani watumwa wa mashamba, waliolima wakiwa chini ya hofu ya kuuawa, na miili ya wasichana ilijengwa ili izae askari.

Umeuliza mwishoni kama waliridhika. Hatuna kitabu kilichoandikwa na mwanamke raia wa Athens ya wakati ule. Mshairi Sappho aliyeimba mapenzi na uchungu wake ni wa kisiwa cha Lesbos, tena zaidi ya karne moja kabla. Katika mchezo wa Euripides wa mwaka 431 KK, mhusika mkuu, Medea, anasema heri asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Maneno hayo aliyaandika mwanamume, lakini sidhani aliyaokota hewani; mtu aliyelelewa katika nyumba ya Athens alisikia kilio cha uzazi tangu utotoni. Na kuna jiwe la kaburi la karne ya 4 KK la Phanostrate, mkunga na tabibu, limeandikwa kwamba hakumletea mtu yeyote maumivu na wote walimlilia alipokufa. Alikuwa na kazi yake, na waliomzika waliona vema ichongwe kwenye jiwe.

Anza na ile hotuba ya Euxitheus. Imehifadhiwa pamoja na hotuba za Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens. Ukimaliza niandikie, uniambie kama ungekuwa jaji ungempigia kura yule mwana au la, na kwa sababu gani.

Ni mimi mama yako.